Mjadala: Je, mchumi anafaa kukabidhiwa chuo kikuu? Tumtazame Larry Summers wa Harvard

Wakuu, heshima mbele.

Kila kiti cha mkuu wa chuo kinapobaki wazi, hoja ileile hurudi: tafuteni mchumi, anajua hesabu, chuo kitapona. Mimi nasema uchumi peke yake usiwe sababu ya kumpa mtu kiti hicho, na ushahidi wangu ni Lawrence Summers, rais wa Harvard kuanzia Julai 2001 hadi Juni 2006. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nitamsoma hadi mwisho.

Kwa akili, hakuna wa kumbeza. Baba yake mkubwa ni Paul Samuelson, mjomba wake ni Kenneth Arrow, wote wawili washindi wa Nobel ya uchumi. Aliingia MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia Marekani, akiwa na miaka 16, na akiwa na 28 Harvard ilikuwa imeshampa uprofesa wa kudumu. Baadaye akawa mchumi mkuu wa Benki ya Dunia, kisha Waziri wa Fedha wa Marekani chini ya Clinton.

Waafrika tulikuwa na sababu ya kulikumbuka jina lake. Desemba 1991, akiwa Benki ya Dunia, alitia saini waraka wa ndani uliosema kwamba, kwa mantiki ya kiuchumi, taka zenye sumu zinafaa kupelekwa nchi zenye mishahara midogo, na kwamba nchi za Afrika zenye watu wachache hazijachafuliwa vya kutosha. Waraka ulipovuja alijitetea kuwa ulikusudiwa kuchokoza fikra tu. Lakini Januari ya mwaka huohuo nchi za Afrika zilikuwa zimekutana Bamako na kupitisha mkataba wa kupiga marufuku uingizaji wa taka za sumu barani. Jambo ambalo watu wazima walishalikalia kikao na kulikataa, yeye alilirudisha mezani kama hesabu ambayo haijafanywa. Tabia hiyo ndiyo aliyoingia nayo Harvard.

Tumpe haki yake kwanza. Mwaka 2004 Harvard ilitangaza kuwa mzazi mwenye kipato cha chini ya dola 40,000 kwa mwaka hatachangia chochote kwa masomo ya mwanawe, na 2006 kiwango kikapandishwa hadi dola 60,000. Aliona watoto wa maskini ni wachache mno chuoni, akaenda moja kwa moja kwenye kizuizi. Hapo mchumi alifanya kazi ya mchumi, nami nampongeza bila kinyongo.

Sasa Januari 2005. Kwenye mkutano kuhusu uchache wa wanawake katika sayansi na uhandisi, alitaja sababu tatu, na akasema tofauti za vipaji kwenye ngazi za juu kabisa zina uzito kuliko malezi na ubaguzi. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, aliinuka akatoka ukumbini. Watetezi wa Summers husema alikuwa anauliza swali la kitaalamu. Sawa, profesa wa kawaida angeuliza. Ila huyu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya nani apewe ajira ya kudumu, na mwaka wa masomo uliotangulia, kati ya nafasi 32 za aina hiyo zilizotolewa na Kitivo cha Sanaa na Sayansi, wanawake walipewa 4. Mtu mwenye ufunguo mfukoni hawezi kusimama nje akijadili kwa nini mlango haufunguki. Machi 2005 kitivo hicho kilipiga kura ya kutokuwa na imani naye: 218 kwa 185. Februari 2006 akatangaza kujiuzulu.

Linaloniuma zaidi ni lile ambalo halikumng'oa. Wakati wake Harvard ilipanga kukopa mabilioni kujenga majengo mapya ya chuo eneo la Allston, ng'ambo ya Mto Charles, ikafunga mikataba ya kujihakikishia kiwango cha riba miaka mingi kabla ya kukopa. Riba ikipanda, chuo kinanufaika. Ikishuka, chuo kinalipa. Mwaka 2008 riba ilianguka, na Harvard ikatoa karibu dola milioni 500 kujitoa kwenye sehemu ya mikataba hiyo. Ujenzi wa jengo kubwa la sayansi ukasimama. Najua alikuwa ameshaondoka, na bodi ndiyo iliyoidhinisha. Waliomfuata nao walikuwa na nafasi ya kutoka mapema. Lakini nani kwenye bodi ile angemkatalia Waziri wa Fedha mstaafu kwenye suala la riba? Sifa zake ndizo zilizowanyamazisha watu, na kwa hesabu hasa, si kwa maneno.

Wapo watakaosema wahadhiri walimfanyia fitina kwa sababu alitaka wafanye kazi. Hoja hiyo ina uzito: wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza walioulizwa na gazeti lao walitaka abaki. Ila mrekebishaji anayeshindwa kuwashawishi wenzake anabaki na amri tu, na profesa wa kudumu haamrishwi. Cornel West, profesa mashuhuri wa Harvard, alizungumza naye ofisini, wakaachana vibaya, akahamia Princeton.

Naomba hasa waliokaa kwenye seneti au mabaraza ya vyuo vyetu waseme: mkuu wa chuo akiwa ndiye bingwa wa fedha kuliko wote mezani, nani hukagua hesabu zake kabla saini haijawekwa?