Je, kazi ya kujitolea inamjenga mama au inamla?

Binti_wa_Sokoni:
Hamjambo wenzangu. Mama yangu ni muuza mboga, na kwa miaka mingi amekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba mtaani kwetu kama mhudumu wa afya wa kujitolea. Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipozindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, amepewa mkoba wenye kipima shinikizo la damu, simu, na nyumba zipatazo 100 za kuangalia. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti, ingawa kwetu nusu hiyo ya pili huchelewa hadi mtu akachoka kuidai. Kibanda hufungwa saa zile zile wateja wanapotoka kazini. Tukimshauri aache, anatuambia tunataka kumzika angali hai. Tumwelewe vipi?

Bi_Mkubwa:
Mwanangu, kazi hiyo nimeifanya. Mwanamke ambaye hapo awali alijulikana na wanaomdai tu, leo anaitwa daktari kichochoroni, na kwenye kikao cha zahanati anaulizwa maoni yake. Heshima hiyo hainunuliki, nayo ndiyo mama yako anayoitetea. Lakini pia kuna hili: unampima mtoto mkono kwa ule utepe wa kupimia utapiamlo, unaangukia kwenye rangi nyekundu ya hatari, unamwandikia mamake rufaa, naye anakutazama tu kwa kuwa nauli hana. Unatoa yako, iliyokuwa ya unga. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika nauli hiyo.

Mdau_Temeke:
Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, nadhani tunachanganya mambo mawili. Katika VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, mwanamke hununua hisa na kuchangia mfuko wa jamii, na siku akiugua au akifiwa mfuko unamgeukia. Huko ni kusaidiana, na faraja yake ni ya kweli. Kuhudumia nyumba 100, kujaza taarifa na kuripoti kwa msimamizi ni ajira, hata kama ujira wake umeitwa posho. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba wahudumu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa wanazotumia na mafunzo waliyopata. Wengi wao ni wanawake, na naona (nisahihishwe nikikosea) wapangaji huchukulia kwamba muda wa mwanamke maskini hauna bei.

Bi_Mkubwa:
Sikupingi, Mdau, lakini unga wa leo hausubiri mapendekezo. Binti, msimwambie mama aache. Muulizeni ni siku zipi soko hulala, azungukie nyumba siku hizo, na wahudumu wenzake waunde chama ili madai ya posho yapelekwe kwa barua moja yenye sahihi za wote. Jioni, mmoja wenu akashike kibanda.