Kura ya urais nampa Magufuli, na sijanunuliwa na mtu

Wakuu,

Matusi nimeyavumilia vya kutosha. Mimi ni mtu wa CHADEMA, na tangu niseme hadharani kwamba Oktoba 25, 2015 kura yangu ya urais inaenda kwa Magufuli wa CCM badala ya Lowassa, mgombea wetu, nimeitwa msaliti, nimeitwa wa buku saba za Lumumba, yaani mtu anayelipwa na makao ya CCM ya Mtaa wa Lumumba ili awatetee. Juzi kijiweni kijana mmoja ambaye mwaka 2007 hata ndevu hajaota alinivua kofia ya CHADEMA kichwani mbele ya watu, eti sistahili kuivaa. Kofia niliyoinunua kwa hela yangu!

Sasa nawauliza: nani alinifundisha kumkataa Lowassa? Si CCM. Ni sisi CHADEMA. Septemba 2007 pale Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Slaa, katibu mkuu wetu, alisoma orodha ya mafisadi na jina la Lowassa lilikuwamo. Februari 2008 Kamati ya Mwakyembe ikaweka ripoti ya Richmond mezani bungeni, ikasema kampuni hiyo iliyopewa kazi ya umeme wa dharura haikuwa na uwezo. Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, akilalamika hakupewa nafasi ya kujieleza. Kuna aliyemsikiliza kwetu? Hakuna. CCM walipokuja na kujivua gamba mwaka 2011, yaani kuwatoa watuhumiwa wa ufisadi chamani, tuliwazomea kwamba hawana ubavu wa kumtoa, tukaimba "vua gamba, vaa gwanda", yaani toka CCM uvae sare ya CHADEMA. Nilizunguka Tandika, Buza na Yombo nyumba kwa nyumba nikihubiri hayo.

Leo CCM wamelikata jina lake Dodoma kwenye mbio za urais, mwezi huohuo wa Julai anapokea kadi yetu, na mimi naambiwa nizungushe mikono niimbe mabadiliko kama wafuasi wake. Nikiuliza, najibiwa mwenye ushahidi aende mahakamani. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia niende mahakamani, niliambiwa niende mtaani! Slaa kaondoka. Lipumba kaachia uenyekiti CUF, washirika wetu wa UKAWA. Hao nao wamelipwa buku saba?

Ya afya ya mzee Lowassa siyataji, na wanaomkejeli kwa hilo wakome. Shule za kata nazo alizisimamia kweli, sitamnyima haki yake.

Magufuli simchagui kwa kuwa ni malaika. Nyumba za serikali ziliuzwa yeye akiwa Waziri wa Ujenzi, na maelezo ya kuniridhisha sijayasikia mpaka leo. Mwaka 2012 aliwaambia watu wa Kigamboni asiyeweza nauli ya kivuko ya shilingi 200 apige mbizi. Nina ndugu zangu wanaovuka pale kila siku, kauli ile iliwauma.

Lakini mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar hadi Tunduma. Najua barabara ilivyobonyea ikafanya mifereji ya matairi, gari dogo likiingia humo usukani unamshinda dereva. Inabonyezwa na sisi, na tani zetu za ziada. Nimeona kwa macho yangu noti ikikunjwa ndani ya karatasi za mzigo, gari linapita mizani kama limebeba pamba. Mwaka 2013 Magufuli, akiwa tena Waziri wa Ujenzi, akafuta ile nafuu ya asilimia 5 ya uzito unaozidi. Wenye malori wakagoma, matajiri wakalia, na Waziri Mkuu Pinda akamrudisha nyuma. Bosi wangu alisherehekea. Mimi niliona waziri aliyethubutu kuwagusa wenye fedha, akaangushwa na wakubwa zake. Nataka mtu huyo akae kwenye kiti ambacho hakuna wa juu yake wa kumrudisha nyuma.

Na CCM msinipigie makofi. Hayo mafiga matatu yenu, ya kuwapa urais, ubunge na udiwani kwa pamoja, siyataki. Ubunge na udiwani nawapa CHADEMA, kama siku zote. Chama kilichoifinyanga rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba kikazitupa serikali tatu ilizopendekeza, na kashfa ya fedha za Escrow ikatokea kikiwa madarakani, siwezi kukiachia Bunge kijipangie kitakavyo. Rais wa kule, mbunge wa huku. Sheria inaniruhusu, karatasi ni tatu na kila moja ina alama yake ya vema.

Viongozi wangu nawadai jibu moja tu, na nalitaka jukwaani, palepale Temeke. Orodha ya Mwembe Yanga ilikuwa kweli au uongo? Kama ilikuwa uongo, Lowassa aombwe radhi mbele ya umma, nasi tuliotumwa kuusambaza tuombwe radhi. Kama ilikuwa kweli, niacheni nikapige kura yangu.