Pikipiki imetoka sevisi, oili imepita alama ya juu, niendelee nayo au niirudishe?

Wakuu habari zenu. Nina pikipiki mpya ya cc 125, juzi ilifika kilomita 500 nikaipeleka kwa walioniuzia ifanyiwe sevisi ya kwanza maana waranti inataka kitabu kigongwe muhuri kwao. Niliambiwa nisubiri nje kwenye benchi kwa hiyo sikuona wakimwaga oili wala wakiweka. Leo asubuhi kabla sijatoka nikasema ngoja nicheki, nikachomoa kijiti cha kupimia oili nikafuta na kitambaa nikakifunga nikakichomoa tena, oili imepita alama ya juu karibu upana wa kidole! Nimerudia mara tatu iko vilevile. Hii ndiyo inayoniletea ugali nyumbani, naogopa kuiwasha.

Jibu 1
Mkuu pole, ila kabla hujaenda kugombana nao, kijiti ulikizungusha mpaka kikakaza? Injini nyingi za aina hiyo, mfano Honda CG 125, kijiti hakifungwi wakati wa kupima, unakitumbukiza tu kinakalia mdomo wa tundu, ukikifunga kinazama zaidi na oili inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Angalia kitabu chako kinasemaje maana hazifanani, na nyingine hazina kijiti kabisa zina kidirisha cha kioo pembeni mwa injini cha kuangalizia oili. Weka stendi kubwa sehemu tambarare, washa uiache ingurume dakika 3 mpaka 5 bila kuvuta mafuta, zima, subiri dakika 2 au 3 oili ishuke ndio upime.

Jibu 2
Nakazia hapo kwenye stendi. Ukipima imeegemea stendi ya pembeni inalala kushoto, na kijiti kiko kulia, oili inakimbilia upande wa pili kijiti kinatoka kikavu, fundi anaona haijatosha anaongeza, kumbe anajaza kupita kiasi. Halafu wengine wanamimina chupa ya lita nzima wakati injini inataka ml 800. Mimi ni fundi na nimeshaletewa kadhaa za hivyo, oili ikizidi kranki inaipiga inatoa povu, nyingine inasukumwa kwenye mpira wa kupumulia mpaka kwenye eakilina, yaani kichujio cha hewa. Fungua kava yake, ukikuta sponji imelowa oili usiendelee nayo.

Jibu 3
Usisahau kuchungulia chini pia ndugu yangu, mimi walinirudishia bolti ya kumwagia oili haijakazwa, asubuhi nakuta doa jeusi kwenye saruji kubwa kama sahani, ningetoka nayo ingenoki njiani. Na uliza wameweka oili gani, chupa iwe imeandikwa JASO MA au MA2, hizo ni alama za oili ya pikipiki, baadhi ya oili za gari zinafanya kluchi iteleze.

Muuliza swali
Asanteni sana wakuu. Kitabu kinasema kweli kijiti kisifungwe. Nimepima upya kwenye stendi kubwa, bado imepita alama lakini kidogo, kama milimita 3. Nimeirudisha, kijana wao akaanza kupima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, nikamwomba kwa upole tuinyanyue tukapima wote wawili akaona mwenyewe. Wametoa oili ya kujaa kikombe cha kahawa, sasa iko katikati ya alama mbili. Sponji ni kavu, bolti nimeipitishia kidole haina unyevu, oili waliyoweka ni MA2. Naingia kijiweni sasa hivi.