Mjadala: Riba ya miezi 30 ya mkopo wa korona Marekani, ifutwe au ilipwe?

Wakuu, mada hii inawagusa hasa wenye biashara ndogo walioko Marekani, ila hata walioko nyumbani karibuni.

Mwaka 2020 wakala wa serikali wa biashara ndogo, SBA, ulimwaga fedha kwa milango miwili. PPP ulikuwa mkopo unaosamehewa, mradi uthibitishe umeutumia inavyotakiwa, sehemu kubwa ikiwa mishahara. EIDL ulikuwa mkopo wa kulipa wote: riba asilimia 3.75, miaka 30. Halafu kulikuwa na fedha ya awali, hadi dola 10,000, isiyorudishwa, nayo uliiomba kwenye fomu ileile ya EIDL. Mwenye saluni aliyefunga mlango huku anadaiwa pango angezitenganishaje? Mtaani zote ziliitwa hela ya korona.

Msimamo wangu: riba hiyo ya EIDL ifutwe. Mkataba ulisema wazi kuwa riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza, hilo silipingi. Ila waliokopa 2020 waliambiwa wasubiri mwaka mmoja kabla ya kuanza kulipa, ukawa miaka miwili, na Machi 2022 ikawa miezi 30. Kila tangazo lilishangiliwa. Riba yenyewe haikupumzika hata siku moja.

Chukua dola 150,000, kiwango walichochukua wengi. Riba ya mwaka ni 5,625, kwa hiyo miezi 30 imezaa zaidi ya 14,000. Rejesho la mwezi ni 731. Humo riba ya mwezi huo inakula kama 469, na 262 zinazobaki zinakwenda kufuta riba ya nyuma. Unalipa karibu miaka minne na nusu na deni la msingi halijapungua hata dola. Na kwa kuwa rejesho ni lilelile, mwaka wa 30 kuna kiporo kinakusubiri.

Kingine ni dhamana. Ukizidi dola 25,000, mali ya biashara imefungwa. Ukizidi 200,000, unadhamini wewe binafsi. Basi wapo wanaojiliwaza kuwa wako chini ya 200,000. Jamani, kama ulikopa bila kusajili kampuni, mkopaji ni wewe mwenyewe! Ukishindwa, faili linakwenda Wizara ya Fedha, na marejesho yako ya kodi yanaweza kukatwa.

NYONGEZA: Kuna aliyenijibu kwamba huku Dar watu wanalizwa na mikopo ya kausha damu, mimi nalalamikia 3.75. Nakubali, riba ni ya chini mno, na kwa shida ya mwaka ule hata leo ningemshauri mtu akope. Ila kausha damu anabisha hodi wiki ya kwanza, na kama huna anaondoka na runinga. Huwezi kusahau kuwa unadaiwa. Huyu wa serikali alinyamaza miezi 30, watu wakaajiri, wakapanga fremu ya pili.

Mwingine kauliza: na waliojinyima wakalipa mapema, wakati wenzao wanasubiri? Hiyo ndiyo hoja pekee inayoninyima raha. Nadhani nao warudishiwe riba waliyolipa kwa miezi hiyo. Anayeona haiwezekani alete hesabu zake.