Huyu "sisi" anayesimulia A Rose for Emily ni nani hasa?

msomaji_wa_usiku:
Wakuu naombeni msaada, nimemaliza A Rose for Emily ya William Faulkner (ya 1930) na kuna kitu kinanisumbua, stori nzima inasimuliwa na "sisi", hana jina, hujui ni mwanaume au mwanamke, lakini anajua mpaka yaliyosemwa duka la dawa siku Emily anaenda kununua arseniki. Sasa huyu ni msimulizi maizi (anayejua kila kitu, hata mawazo ya wahusika) au ni mtu wa pale Jefferson tu, mji wa Emily?

kalamu_nyeusi:
Sio maizi mkuu. Hata mara moja haingii kichwani mwa Emily, anamuona dirishani, anamuona Jumapili kwenye gari la farasi na mpenzi wake Homer Barron, basi. Mchungaji alipoenda kuongea naye akatoka hataki kusema kilichotokea mle ndani, na msimulizi ndo kaishia hapohapo! Ya duka la dawa ni umbea tu ulisambaa, maana kesho yake mji mzima unasema atajiua, na wanaona itakuwa afadhali.

fasihi_kwanza:
Nakubali ila fuatilieni nafsi zinavyobadilika. Wale wanaume wanne wanaonyunyiza chokaa usiku kuua harufu mbaya ya nyumbani kwa Emily ni "wao". Wanaosubiri azikwe kwanza ndo wafungue chumba cha juu, "wao" tena. Kwenye kumhurumia na kumsema, "sisi". Halafu wakishafika kitandani, mabaki ya Homer yamelala pale, ghafla ni "sisi" tumesimama tunaangalia, na "mmoja wetu" ndo anaokota ule unywele wa mvi kwenye mto. Mimi naona anakwepa kuhusika mpaka inafika mahali hawezi tena, na hapo ndo nampenda sana Faulkner.

mwalimu_wa_zamu:
Na muda pia jamani. Kwenye The Tell-Tale Heart ya Poe (1843) muuaji anaongea mwenyewe, unajua mapema kaua, hofu yote iko kichwani mwake. Huku mji unasimulia kwa kurukaruka kama watu msibani, harufu inakuja sehemu ya pili, sumu sehemu ya tatu, kwa hiyo msomaji haunganishi, kama wao walivyokataa kuunganisha. Rudia sehemu ya pili ukishajua mwisho, pale jaji Stevens anapouliza utamwambiaje mwanamke wa heshima usoni kwamba ananuka. Kwangu hapo panatisha kuliko kile chumba.