Kurudi ofisini siku nne kwa wiki: asubuhi na jioni mtoto anabaki na nani?

mkaazi_utawala
Wadau, hamjambo. Barua ya kazini imetoka: kuanzia mwezi ujao ni ofisini Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ijumaa tu ndiyo ya nyumbani. Tunakaa Utawala, Nairobi, ofisi iko Upper Hill, na kwa foleni ya Mombasa Road ni kutoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1:30 usiku. Kitinda mimba ana miezi saba, bado ananyonya. Mkubwa yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Yaya huja saa 2 na kuondoka saa 11, siku tano. Mume anafanya Westlands, na wao si wakali sana kuhusu saa ya kufika.

Nimwongezee yaya saa au nimpeleke mtoto kwenye kituo cha malezi? HR (idara ya wafanyakazi) niwaombe nini bila kuonekana napinga? Na maziwa nitayapangaje?

karani_wa_mishahara
Piga hesabu ya saa kabla ya kuamua lolote. Sasa hivi yaya anafanya saa 9 kwa siku tano, 45 kwa wiki. Kwa ratiba mpya atashinda saa 13 na nusu kwa siku nne, ambazo ni 54, na 9 za Ijumaa: jumla 63. Wiki ya kawaida kwenye agizo la serikali la mishahara ni saa 52, kwa hiyo saa 11 zinazobaki ni ovataimu, na hulipwa mara moja na nusu.

Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kwa agizo la Novemba 2024 ni 16,113.75. Gawanya kwa 225, yaani saa za kazi za mwezi, upate malipo ya saa moja: kama 71.60. Mara moja na nusu ni 107.40. Saa 11 kwa wiki ni karibu 48 kwa mwezi, kwa hiyo ovataimu pekee ni kama shilingi 5,100. Kwa kuwa yaya haishi kwako, ongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, 2,417. Unafika 23,600 hivi. Juu ya hapo mwajiri, yaani wewe, unachangia NSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 6 na ada ya serikali ya nyumba nafuu asilimia 1.5. Andaa 25,400 kwa mwezi.

Upande wake atakatwa NSSF kiasi hichohicho, ada ya nyumba 1.5, na SHIF (bima ya afya ya serikali) 2.75. PAYE (kodi ya mshahara) haimgusi maana yuko chini ya 24,000. Mweleze makato haya kabla ya mshahara wa kwanza, kwa karatasi. Yaya wengi huondoka mwezi wa pili kwa sababu waliahidiwa nyongeza, kisha wakaona M-Pesa imeingia pungufu na hakuna aliyewaeleza.

shauri_la_kazi
Hesabu ya karani ni sawa, ila mimi ningeanzia kwingine: ratiba hiyo ya saa 63 isikubaliwe kabisa. Watu wengi wakipata barua kama hii hukimbilia kuomba siku moja zaidi ya nyumbani. HR hukataa, maana siku ndizo zilizotajwa kwenye barua. Wewe omba saa.

Omba saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Utoke nyumbani saa 11:30 alfajiri kabla barabara haijafunga, na saa 10 uondoke mbele ya foleni, ufike kama saa 12 kasoro. Mume abaki asubuhi, amkabidhi yaya mtoto na kumpandisha mkubwa basi la shule, kisha aingie kazini saa 4. Yaya anafanya saa 2 hadi saa 12 jioni: 10 mara nne, na 9 za Ijumaa, 49. Uko chini ya 52 na ovataimu imeisha.

Na kama mume naye ana siku ya nyumbani, isiwe Ijumaa. Wazazi wawili kukaa nyumbani siku moja huku Jumatano hakuna mtu ni kutupa nafasi.

Kuhusu sheria: soma barua yako ya ajira, mahali palipoandikwa pa kazi. Kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema masharti yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba na kumjulisha kwa maandishi. Kama mkataba unasema ofisi ni Upper Hill na kazi ya nyumbani ilikuwa mazoea tu, hoja yako ni dhaifu. Zungumza kwa upole. Kama nyumbani kumeandikwa, una pa kusimamia. Vyovyote vile ombi liwe ukurasa mmoja: saa unazotaka, nani anakushikia simu baada ya saa 10, na kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Usijaze habari za mtoto, jaza habari za kazi.

Jambo ambalo husahaulika: kifungu hichohicho kinakubana wewe kwa yaya. Saa zake zinabadilika, kwa hiyo keti naye, mkubaliane, andikeni. Ajira ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa kuwa ya maandishi, na analipwa kwa mwezi, kwa hiyo notisi ni siku 28 kila upande. Bila karatasi hiyo anaweza kuondoka Jumapili usiku na Jumatatu huna mtu.

muuguzi_eastlands
Maziwa. Kadiria mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo hupo. Kwa saa 12 ni kati ya 360 na 540, lakini wa miezi saba anakula uji na vyakula laini, kwa hiyo anza na kiwango cha chini uone. Gandisha kwa vipimo vya 60 hadi 90. Chupa ikishaguswa na mdomo wa mtoto, kilichobaki kinafaa saa mbili tu, na hapo ndipo maziwa mengi humwagwa.

Kukamua ofisini: saa 4, saa 7 na saa 9:30, dakika 15 hadi 20 kila mara. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye sehemu ya kunawa, friji, soketi na kiti, na kisiwe chooni. Mapumziko hayo yanalipwa, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, ukihesabu na muda wa kutembea kwenda chumbani. Wakikuonyesha stoo yenye mafaili, omba kufuli na soketi kabla ya siku ya kwanza.

Maziwa yaliyotoka kukamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la chumba, siku 4 kwenye friji, saa 24 kwenye mfuko wa baridi ikiwa jeli za kupoza zimeganda kweli. Jeli zilizotoka friza asubuhi na kukaa chini ya meza mchana kutwa haziwezi kulinda kitu kwenye matatu jioni. Zirudishe friza ya ofisi. Stima ikipotea, friza iliyojaa hustahimili kama saa 48 usipoifungua, iliyojaa nusu tu hustahimili kama saa 24. Yaliyoyeyuka kabisa yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yaya apashe ndani ya bakuli la maji ya moto, asichemshe wala kutumia maikrowevu.

mlezi_kituoni
Kuhusu kituo: kwa ratiba ya awali hakifai, kwa sababu vingi hufunga saa 12 jioni na wewe ungefika saa 1:30. Kwa ratiba ya saa 1 hadi 10 kinawezekana, ila uwe na mtu wa pili aliyeandikishwa kwa jina na kitambulisho kumchukua mtoto.

Usikitembelee asubuhi, asubuhi kila kituo ni kisafi. Nenda saa 11 jioni bila taarifa. Angalia kama walezi walewale wa mchana bado wapo, watoto wachanga ni wangapi kwa kila mlezi (zaidi ya watatu au wanne mimi nisingekubali), na nepi ya mwisho ilibadilishwa saa ngapi. Uliza leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wanaopika. Uliza pia sheria ya ugonjwa: vingi havimpokei mtoto mwenye homa mpaka saa 24 zipite bila homa. Maana yake kituo hakikuondolei haja ya mtu wa akiba, na mtoto akianza kituo miezi ya kwanza mafua hayaishi.

Ukiamua, mzoeshe wiki mbili kabla ya tarehe ya ofisi, saa moja ukiwepo, kisha saa mbili bila wewe, kisha nusu siku. Kumpeleka mara ya kwanza siku ileile unayorudi kazini ndiko kunakoleta simu saa 5 asubuhi.

mkaazi_utawala
Asanteni sana. Naona yaya kwanza, kwa saa 49. Bado Agosti: mkubwa akifunga shule, yaya atakuwa na wawili mchana kutwa. Hiyo nayo ni mkataba mpya?

shauri_la_kazi
Saa hazibadiliki ila kazi inaongezeka, kwa hiyo iandikwe humohumo sasa: miezi ya likizo, na posho mtakayokubaliana. Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zinajulikana mapema. Wewe na mume mna likizo ya siku 21 za kazi kila mmoja, msizichukue pamoja zote. Na yaya naye ana 21 zake. Mpangie anazichukua lini, la sivyo zitaangukia Agosti.

karani_wa_mishahara
NSSF na SHIF za yaya zilipwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa adhabu ni yako, usimkate yeye.