Nyuzi za gitaa zinashika kutu haraka, naomba ushauri

Habarini wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na magitaa. Nina gitaa la akustiki la nyuzi za chuma napigia kwaya, naishi Tanga karibu na bahari na mikono yangu inatoa jasho balaa. Nikifunga nyuzi mpya hazichukui muda zinaanza kukwaruza vidole, hasa zile mbili nyembamba ambazo ni chuma kitupu, halafu kwenye ubao wa shingo pembeni ya freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) kumeganda uchafu mweusi kama masizi.

Kabla ya kupiga nanawa mikono, nikimaliza nabana kila uzi na kitambaa kikavu cha pamba nashuka nao mpaka mwisho, gitaa linarudi kwenye begi, ila wapi. Fundi mmoja kasema nipake mafuta ya cherehani kwenye ubao, mwingine mafuta ya nazi, mi nasita maana pale mti hauna vanishi si utayanywa yote?

Sasa huo uchafu nautoaje na mafuta gani ni salama? Na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, nikivitia kwenye begi vitazuia kutu au vitakausha mbao zipasuke? Natanguliza shukrani.